Mishipa ya Moyo Imeziba: Maswali Tunayoulizwa Zaidi Dodoma Kuhusu Muda wa Kuishi

Ukurasa huu ni wa wagonjwa na ndugu ambao kipimo cha mishipa ya moyo kimeshafanyika, majibu wanayo mkononi, na wamebaki na swali ambalo wengi wanaona vibaya kulitamka mbele ya daktari: ataishi? Mimi ni muuguzi wa kliniki ya moyo hapa Dodoma. Maswali haya nayasikia kwa watu wa Nkuhungu na Area C, na kwa walioamka usiku wa manane kuwahi kliniki kutoka Kondoa, Mpwapwa, Manyoni na Kiomboi. Nimeyajibu kama ninavyowajibu tukiwa tumekaa kwenye benchi. Daktari aliyeziona picha za mgonjwa wako ndiye mwenye neno la mwisho. Ukurasa huu utakusaidia kujua umuulize nini.

Baba ameandikiwa kuwa mishipa mitatu imeziba. Amebakiza miaka mingapi?

Hakuna anayeweza kukutajia mwaka, na anayekutajia usimsikilize. Ila kuna mengi yanayojulikana kuhusu makundi ya wagonjwa wanaofanana naye.

Takwimu zinazonukuliwa sana ni za CASS, utafiti mkubwa wa Marekani uliofuatilia wagonjwa waliopimwa mishipa ya moyo miaka ya 1970. Kati ya waliotibiwa kwa dawa bila upasuaji, baada ya miaka 12 waliokuwa hai ni hivi: wenye mishipa safi 91 kati ya 100, wenye mshipa mmoja ulioziba 74, mishipa miwili 59, na mishipa mitatu 40.

Namba hizo zinatisha, najua. Lakini angalia ni za lini. Wakati ule hapakuwa na statini, dawa za kushusha lehemu (kolesteroli). Ya kwanza iliruhusiwa Marekani mwaka 1987. Hapakuwa na stenti, kile kijibomba cha waya kinachowekwa ndani ya mshipa ili ubaki wazi. Hata aspirini, ambayo leo kila mgonjwa wetu anaimeza, haikuwa dawa ya kawaida ya moyo. Na bado, katika kundi lililokuwa na hali mbaya kuliko yote, watu 40 kati ya 100 walivuka miaka 12.

Sasa linganisha na utafiti wa karibu zaidi, SYNTAX, uliochukua wagonjwa 1,800 wenye mishipa mitatu iliyoziba au tatizo kwenye shina kuu la kushoto (nitalieleza hapa chini). Walifuatiliwa miaka 10. Wale wa mishipa mitatu waliofanyiwa upasuaji wa kupandikiza mishipa, 79 kati ya 100 walikuwa bado hai; waliowekewa stenti, 72. Umbali kati ya 40 na 79 hautokani na upasuaji peke yake. Wagonjwa hawakuwa wa aina moja, na miaka waliyofuatiliwa si sawa. Lakini sehemu ya tofauti hiyo imeletwa na matibabu yaliyobadilika, na baba yako anatibiwa kwa matibabu ya leo.

Kuna jambo ningependa ulishike kuliko namba yoyote hapa. Idadi ya mishipa ndiyo inayokaa kichwani mwa watu, lakini si ndiyo inayoamua zaidi. Muulize daktari mambo matatu: kuziba kuko sehemu gani ya mshipa, moyo unasukuma damu kwa asilimia ngapi, na sukari yake ikoje. Ukiwa na majibu ya hayo matatu utakuwa unaielewa hali ya baba kuliko anayejua idadi tu.

Hizi herufi kwenye karatasi ya majibu zina maana gani?

Moyo una mishipa yake unaojilisha nayo. Kushoto linatoka shina moja fupi, kwenye karatasi huandikwa LM. Shina hilo linagawanyika: LAD unashuka mbele ya moyo, na LCX unazunguka kwa nyuma. Kulia kuna RCA. Daktari akisema "mshipa mmoja", "miwili" au "mitatu" anahesabu LAD, LCX na RCA. Shina la kushoto lina hesabu yake peke yake.

Asilimia iliyoandikwa pembeni ni kiasi ambacho njia imebanwa. Kwa kawaida mshipa unahesabiwa kuwa na tatizo kubwa ukibanwa asilimia 70 na kuendelea. Kwa shina la kushoto, asilimia 50 inatosha kutushtua.

Jirani yangu ana mishipa miwili na ameambiwa hali si mbaya. Mimi nina mmoja tu na wananiharakisha. Kwa nini?

Kwa sababu ya mahali. Fikiria maji ya mjini kwetu. Bomba kubwa linalotoka visima vya Mzakwe likipasuka, mitaa mingi inakauka kwa wakati mmoja. Bomba la kuingia nyumba moja Chang'ombe likiziba, anayehangaika ni mwenye nyumba. LAD unalisha karibu nusu ya chumba cha kushoto cha moyo, chumba kinachosukuma damu mwili mzima. Ukibanwa karibu na unapoanzia, eneo lote lililo chini yake linakuwa hatarini.

Madaktari wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walipanga wagonjwa waliotibiwa kwa dawa kulingana na mahali pa kuziba. Mwenye mshipa mmoja uliobanwa asilimia 75: baada ya miaka mitano, 93 kati ya 100 walikuwa hai. Mwenye mishipa miwili: 88. Lakini mwenye mshipa mmoja tu, ukiwa ni LAD, umebanwa asilimia 95 au zaidi pale juu unapoanzia: 83. Umeona? Mmoja mbaya umewazidi wawili. Hali hiyo hiyo iko kwa wa mishipa mitatu: kwa jumla walikuwa hai 79 kati ya 100, ila kama mmoja wao ni LAD iliyobanwa vibaya pale juu, walishuka hadi 59.

Kwa hiyo usijilinganishe na jirani kwa idadi. Na ukiambiwa "LAD, sehemu ya juu", usiombe muda wa kwenda kufikiria hadi baada ya mavuno.

Shina la kushoto ndiyo nini hasa? Daktari alibadilika uso alipoliona.

Shina la kushoto linalisha takribani robo tatu ya chumba cha kushoto. Likiziba ghafla, mara nyingi mgonjwa hafiki hospitali. Katika CASS, nusu ya wagonjwa wa shina la kushoto waliotibiwa kwa dawa pekee walikuwa wamefariki ndani ya miaka 6.6. Waliopasuliwa, nusu yao waliishi zaidi ya miaka 13.3. Muda uliongezeka mara mbili.

Ndiyo maana hapa daktari hakupi machaguo mengi. Dawa pekee hazitoshi, na upasuaji au stenti inajadiliwa mara moja. Kwenye SYNTAX, wagonjwa wa shina la kushoto walikaribiana: baada ya miaka 10 walikuwa wamefariki 26 kati ya 100 wa stenti na 28 wa upasuaji. Kwa hiyo wapo wanaofaa stenti, hasa kama mishipa mingine ni mizuri. Timu ndiyo inayoamua baada ya kuangalia picha, na si vibaya kuuliza kama kesi yako imejadiliwa na daktari wa stenti na daktari bingwa wa upasuaji wa moyo kwa pamoja.

Wanasema moyo wa mama unasukuma asilimia 30. Ina maana amebakiza asilimia 30 ya maisha?

Hapana, na swali hili linaniuma kila ninapolisikia kwa sababu watu wanaondoka wamekata tamaa bure. Moyo mzima hautoi damu yote iliyomo kila unapodunda. Wa kawaida hutoa kama asilimia 55 hadi 70. Kwa hiyo 30 inapimwa dhidi ya hiyo, wala haipimwi dhidi ya 100.

Hata hivyo ni namba nzito, pengine nzito kuliko idadi ya mishipa. Katika CASS, wagonjwa wenye mishipa iliyoziba ambao moyo wao ulikuwa unasukuma asilimia 50 au zaidi, 73 kati ya 100 walikuwa hai baada ya miaka 12. Waliokuwa kati ya 35 na 49, 54. Waliokuwa chini ya 35, 21 tu. Mtu mwenye mishipa mitatu na moyo wenye nguvu anaweza kuwa na matumaini kuliko mwenye mshipa mmoja ambaye moyo umeshadhoofika.

Jambo la kutia moyo ni kwamba namba hii inaweza kupanda. Msuli uliokufa haurudi. Lakini kuna msuli uliozimia tu kwa kukosa damu, ambao ukipata damu na dawa unaamka. Dawa za moyo uliochoka zimeongeza maisha ya watu wengi, ndiyo maana baada ya miezi michache tunamrudisha mama kwenye kipimo cha eko, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Kwa baadhi yao upasuaji nao unasaidia: utafiti wa STICH ulichukua wagonjwa 1,212 ambao moyo ulisukuma asilimia 35 au chini. Baada ya miaka 10 walikuwa wamefariki 59 kati ya 100 waliopasuliwa, na 66 kati ya 100 waliopewa dawa pekee. Faida ipo, ila kwa mgonjwa dhaifu upasuaji wenyewe una hatari yake mwanzoni, na familia iambiwe hivyo kabla ya kusaini.

Nyumbani, mpimeni uzito asubuhi. Ukipanda kilo mbili ndani ya siku mbili tatu, miguu ikavimba, au akaanza kulala kwa kuegemea mito mingi, msisubiri tarehe ya kliniki.

Kila aliyeziba lazima awekewe stenti? Nimeambiwa nitumie dawa tu, nahisi wamenidharau kwa sababu sina pesa.

Naelewa kwa nini unahisi hivyo. Lakini kwa mgonjwa ambaye hajapata shambulio la moyo, maumivu yanakuja akipanda mlima na kuisha akipumzika, dawa ni matibabu kamili.

Utafiti uitwao ISCHEMIA, matokeo yake yakatolewa mwaka 2020, ulihusisha wagonjwa 5,179 katika nchi 37. Nusu walipelekwa mapema kuwekewa stenti au kupasuliwa, nusu wakaanza na dawa. Baada ya zaidi ya miaka mitatu, waliofariki walikuwa 145 upande mmoja na 144 upande wa pili. Stenti iliwasaidia wenye maumivu ya mara kwa mara kuishi kwa raha zaidi, na hilo si dogo. Lakini haikuongeza maisha.

Sasa zingatia waliowekwa nje ya utafiti huo: wenye tatizo kubwa la shina la kushoto, wenye moyo uliochoka sana, na waliotoka kupata shambulio karibuni. Hao habari yao ni nyingine. Kwa mtu ambaye shambulio linaendelea sasa hivi, kuzibua mshipa kunaokoa maisha, na kila dakika ina thamani.

Kama umeandikiwa dawa, swali la kuuliza ni hili: "Daktari, shina langu la kushoto ni salama? Moyo unasukuma asilimia ngapi?" Majibu yakiwa mazuri, nenda kanywe dawa zako bila kinyongo.

Nina kisukari na mishipa mitatu. Stenti au upasuaji?

Kwa wengi wenu, upasuaji. Utafiti wa FREEDOM, uliotolewa mwaka 2012, ulichukua watu 1,900 wenye kisukari na mishipa zaidi ya mmoja iliyoziba. Baada ya miaka mitano walikuwa wamefariki asilimia 16.3 ya waliowekewa stenti na asilimia 10.9 ya waliopasuliwa. Kiharusi kilikuwa kingi zaidi upande wa upasuaji, na hilo uambiwe wazi.

Kisukari hakizibi sehemu moja na kuishia hapo. Kinashambulia mshipa kwa urefu wake. Stenti inatibu pale ilipowekwa. Mshipa uliopandikizwa unapita juu ya eneo lote bovu na kupeleka damu mbele.

Kwa kanda yetu upasuaji huu mara nyingi maana yake ni safari ya Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Kuchunguza mishipa na kuweka stenti kunawezekana hapa hapa, kwani Hospitali ya Benjamin Mkapa ina chumba cha katheta, mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa hadi kwenye moyo. Kwa mgonjwa ambaye hali yake imetulia, treni ya SGR imepunguza adha ya njia. Kabla ya kuondoka, fuatilieni bima inalipia nini na hailipii nini, pamoja na mtu atakayekaa na mgonjwa baada ya kuruhusiwa. Kifua kilichofunguliwa kinahitaji wiki sita hadi nane mfupa uunge, na wakati huo habebi ndoo wala haendeshi pikipiki.

Mshipa mmoja umeziba asilimia 100, na bado natembea. Inawezekanaje?

Umeziba polepole. Mshipa ukibana kwa miaka, moyo hufungua vijishipa vya pembeni vinavyoleta damu kutoka mshipa wa jirani. Ukiziba ghafla kwa damu iliyoganda, nafasi hiyo haipo, na hilo ndilo shambulio la moyo. Usiogope neno "asilimia 100" peke yake. Uliza kama msuli wa eneo lile bado uko hai.

Nimeambiwa nimebanwa asilimia 40 tu. Basi sina ugonjwa?

Unao. Na wewe ndiye ninayekuhofia kwa sababu utaacha dawa.

Mashambulio mengi hutokea pale ambapo utando wa mafuta ndani ya ukuta wa mshipa unapasuka na damu kuganda juu yake. Utando huo si lazima uwe umebana sana siku iliyotangulia. Kuna watu waliopasi kila kipimo cha mazoezi, na wiki chache baadaye wakaletwa wakiwa na shambulio. Statini inafanya kazi hasa hapa: inashusha lehemu na kuufanya utando uwe mgumu kupasuka. Utafiti wa 4S wa nchi za Skandinavia, mwaka 1994, ulikuwa na wagonjwa 4,444. Katika miaka mitano na kidogo, waliofariki ni asilimia 12 ya wasiopewa statini na asilimia 8 ya waliopewa. Kwa kidonge kimoja cha jioni.

Mama anabanwa kifua kweli kweli, lakini wamesema mishipa ni safi. Anajifanyisha?

Hajifanyishi. Kipimo cha katheta kinaonyesha mishipa mikubwa. Chini yake kuna vijishipa visivyoonekana, navyo vinaweza kushindwa kutanuka, au mshipa mkubwa unaweza kukaza ghafla na kulegea. Hali hii inawapata sana wanawake, na wengi wamerudishwa nyumbani wakiambiwa ni mawazo au vidonda vya tumbo. Kwa kawaida anakaa vizuri kuliko mwenye mishipa iliyoziba, lakini hayuko sawa na asiye na tatizo. Presha, sukari na lehemu vitibiwe, na maumivu yatafutiwe dawa.

Ikitokea usiku, tuko Kondoa au kijijini Bahi, tufanye nini?

Dalili ni kifua kubana au kulemewa zaidi ya dakika 15 hadi 20, maumivu yakienda mkono wa kushoto, taya au mgongo, jasho la baridi, kutapika, kukosa pumzi. Mwenye kisukari na mzee sana wanaweza wasiumwe kifua kabisa. Wanachoka ghafla na kuhema.

Mkalisheni, asitembee. Mpeni aspirini ya miligramu 300 aitafune, asiimeze nzima, isipokuwa kama ana mzio nayo, anatapika damu, au mdomo umekwenda upande na mkono umelegea, kwa sababu hicho kinaweza kuwa kiharusi cha kuvuja damu. Ni kitu kidogo chenye nguvu kubwa. Utafiti wa ISIS-2 wa mwaka 1988, wa wagonjwa 17,187 waliodhaniwa kuwa na shambulio, ulionyesha kuwa aspirini ilipunguza vifo kwa karibu robo. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda nayo ilipunguza kwa robo. Waliopewa zote mbili, kwa asilimia 42.

Baada ya hapo, gari. Bodaboda iwe pale tu mmekosa kabisa kingine. Nendeni hospitali ya karibu yenye kipimo cha umeme wa moyo na dawa ya kuyeyusha, hata kama mnatamani kufika Dodoma moja kwa moja. Kuzibua kwa katheta kunafaa zaidi kama kutafanyika ndani ya dakika 120 tangu kugundulika. Kutoka Kondoa ni zaidi ya kilomita 150 za barabara. Ukijumlisha kutafuta gari, kuandika rufaa na maandalizi, muda huo unakwisha njiani. Ni heri ayeyushiwe damu huko kwanza, ndani ya saa 12 tangu maumivu yaanze na hasa zile tatu za mwanzo, halafu aletwe.

Nawaomba sana: ulizeni mapema, mchana, mkiwa na akili zilizotulia. Hospitali yenu ya wilaya ina kipimo hicho? Dawa hiyo ipo? Gari la nani linapatikana usiku? Andikeni namba ukutani. Familia nyingi zinapoteza saa ya kwanza kwenye simu za kutafuta gari na kwenye maziwa wanayompa mgonjwa wakidhani ni gesi.

Dawa nitazinywa hadi lini?

Aspirini na statini, maisha yako yote. Kwenye stenti unaongezewa dawa ya pili ya kuzuia damu kuganda, mara nyingi klopidogreli, kwa miezi sita au mwaka mmoja kutegemea kilichokupeleka kuwekewa. Hiyo ya pili ukiikata bila kuruhusiwa, stenti inaweza kuziba ghafla, na stenti ikiziba hivyo wengi hufa. Hata daktari wa meno akikuambia uache ili akung'oe jino, mwambie awasiliane kwanza na kliniki ya moyo.

Najua kuna miezi pesa haitoshi. Usipunguze kimyakimya kwa kunywa siku moja na kuruka siku moja. Njoo utuambie. Nyingi ya dawa hizi zipo za bei nafuu zisizo na jina la kampuni kubwa, na zinafanya kazi ile ile. Kitunguu saumu, ukwaju na mlonge kula kwenye chakula, lakini havijawahi kuzibua mshipa wa mtu, na anayekuuzia chupa ya "kusafisha mishipa" stendi anakuuzia hatari ya kuacha dawa.

Divai ya Dodoma inasafisha mishipa?

Hapana. Zabibu zetu ni nzuri, zile zabibu zenyewe. Pombe inapandisha presha na ikizidi inaudhoofisha moyo. Asiyekunywa asianze kwa ajili ya moyo.

Na chakula?

Hapa watu wa kanda ya kati tuna bahati kuliko tunavyojua. Ugali wa mtama au uwele, mlenda, kunde na mboga za majani ni chakula kizuri cha moyo kuliko chipsi mayai. Mafuta ya alizeti ya Singida yanafaa kuliko samli na mafuta yanayoganda, mradi yasiwe yale yaliyokaangiwa tangu asubuhi hadi yamekuwa meusi. Chumvi ndiyo vita kubwa: ya kuongeza mezani, ya kwenye nyama choma, ya kwenye viungo vya pakiti. Nyama si haramu. Punguza ukubwa wa kipande na ondoa mafuta.

Sigara na ugoro, acha. Mgonjwa wa mishipa ya moyo akiacha sigara anapunguza hatari ya kufa kwa takribani theluthi moja. Sina dawa kwenye kabati inayoishinda hiyo.

Naweza kulima? Na tendo la ndoa? Na kufunga?

Kutembea, ndiyo, na uongeze kidogo kidogo hadi nusu saa kwa siku. Jembe linategemea nguvu ya moyo, kwa hiyo uliza. Ukiweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kubanwa kifua, tendo la ndoa kwa kawaida ni salama. Ila dawa za kuongeza nguvu za kiume na kidonge cha maumivu ya kifua cha kuweka chini ya ulimi havikutani kamwe: presha inaanguka na mtu anaweza kufa. Unga wa nguvu za kiume usiojua kilichomo ndani nao usiuguse. Kufunga Ramadhani, wengi wenye hali tulivu wanaweza, dawa zikipangwa futari na daku. Mwenye moyo uliochoka au aliyetoka kwenye shambulio karibuni apate kwanza ruhusa ya daktari.

Tumfiche mzee ukweli? Tunaogopa presha itapanda.

Kila wiki kuna mtoto ananivuta pembeni: "Dada, usimwambie baba." Najua ni upendo. Lakini mzee asiyejua ana nini ndiye anayeacha dawa mwezi wa tatu kwa sababu hajisikii vibaya, na ndiye anayekaa na maumivu ya kifua hadi asubuhi ili asiwasumbue. Wengi wameshahisi kitu kwa namna mnavyonong'ona.

Si lazima aambiwe asilimia. Aambiwe kwamba mishipa ya moyo wake imebana, kwamba kuna matibabu, kwamba dawa hizi ndizo zinazomlinda, na dalili zipi aseme hata kama ni saa nane usiku. Akiuliza zaidi, ajibiwe. Akisema hataki kusikia namba, aheshimiwe, na amteue mtoto mmoja wa kuzisikia kwa niaba yake.

Na sisi watoto wake tuko salama?

Kama baba au kaka alipata ugonjwa huu kabla ya miaka 55, au mama au dada kabla ya 65, hatari yenu iko juu kuliko ya wengine. Pimeni presha, sukari na lehemu sasa, hata mwenye miaka 30 asiyeumwa chochote. Presha hupimwa kwa dakika chache kwenye zahanati yoyote. Lehemu ombeni kwenye maabara ya hospitali ya wilaya au ya rufaa. Mkija kumleta mzee kliniki, njooni na majibu yenu, tutayaangalia siku hiyo hiyo.